Tohara na Utakaso: Imani Kali na Maisha ya Kila Siku katika Riwaya ya Njia Panda

Utangulizi

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1965 kwa jina la The River Between, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la Njia Panda, imehakikiwa mara nyingi. Aghalabu wahakiki humtazama mhusika Joshua kama kibaraka: mtu aliyeukana utamaduni wa wazee wake, akawatawala wanawe kwa amri za dini ngeni, na kuwaandalia Wazungu njia ya kuingia milimani. Usomaji huo una ushahidi wa kutosha ndani ya riwaya, wala hapana sababu ya kuukataa. Hata hivyo, unaliacha swali moja bila jibu. Je, imani ya Joshua iliishije katika siku za kazi? Ilipotoka kanisani siku ya Jumapili, iliingiaje jikoni, shambani, mtoni, katika mazungumzo ya posa na kando ya kitanda cha mgonjwa?

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, ukali wa Joshua si wa upande mmoja tu: riwaya yenyewe inaonyesha kwamba pande zote mbili za mto zinapigania usafi, na msamiati wa Kiswahili unaliweka wazi jambo hilo kuliko Kiingereza cha mtunzi. Pili, udhaifu mkubwa wa usawiri wa Joshua ni kwamba mtunzi ametupa itikadi yake bila kutupa maisha yake ya kila siku. Pale anapotupa maisha hayo, kama kwa Miriamu na mabinti wake, riwaya inapata nguvu. Hoja hizi zitajengwa kwa kulinganisha riwaya na historia ya Wapuritani wa Marekani, na pia na historia iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Kivu ya Kusini, yaani ile ya misioni za mwanzo katika Bushi, kutoka Kaziba hadi Luhwindja.

Upuritani: jina na ukoo wake

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17 waliotaka kulitakasa Kanisa la nchi yao kwa kuondoa kila walichokiona kuwa mabaki ya Ukatoliki. Jina lenyewe walipewa na wapinzani wao kwa dhihaka. Mwaka 1630 kundi kubwa chini ya John Winthrop lilivuka bahari na kujenga koloni la Massachusetts. Huko, mtu hakuhesabiwa mshiriki kamili wa kanisa kwa kuzaliwa tu. Alipaswa kusimulia mbele ya wenzake jinsi neema ilivyomgeuza. Sheria iligusa hata kalenda: tangu mwaka 1659 hadi 1681, mtu aliyeonekana akiadhimisha Krismasi alitozwa faini ya shilingi 5, kwa kuwa sikukuu hiyo haikuamriwa na Maandiko.

Ukoo wa imani hii unatufikisha Afrika ya Mashariki. Wapuritani walikuwa wafuasi wa mafundisho ya Jean Calvin wa Geneva, na Kanisa la Scotland, lililokuwa na misioni Thogoto na Tumutumu katika nchi ya Wagikuyu, lilinywa katika chemchemi hiyo hiyo. Mwaka 1929 misioni hiyo na nyingine za Kiprotestanti ziliwataka waumini wao waahidi hadharani kuikataa tohara ya wasichana. Walioweka alama ya kidole gumba waliitwa kirore. Waliokataa walijitenga, na shule za kujitegemea zikaongezeka kwa kasi. Siriana ya riwaya ni mahali pa kubuni, lakini mzozo unaopasua vilima vya Kameno na Makuyu unatokana na historia hiyo. Ngũgĩ hakuishuhudia. Alizaliwa miaka tisa baadaye, akasoma katika shule ya sekondari ya Alliance, iliyoanzishwa na muungano wa misioni za Kiprotestanti mwaka 1926, na aliiandika riwaya hii akiwa mwanafunzi wa Makerere.

Umbali huo wa wakati si kosa. Nathaniel Hawthorne naye aliandika riwaya yake mashuhuri juu ya Wapuritani mwaka 1850, takriban miaka mia mbili baada ya mambo anayoyasimulia, naye alikuwa mzao wa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa. Waandishi hawa wawili wanafanana kwa kuwa kila mmoja anaihukumu nyumba iliyomlea. Swali la mhakiki ni kama hukumu hiyo imewasikiliza waliokaa ndani ya nyumba.

Usafi wa pande mbili

Joshua anawakilisha usafi wa kwanza. Amekimbilia Siriana akiwa kijana, amejifunza kusoma, na amerudi Makuyu akiwa mhubiri. Anaishika zaidi sauti ya Agano la Kale: Mungu wake ni wa sheria na adhabu. Mkewe Miriamu alitahiriwa kabla ya wote wawili kuongoka, na jambo hilo linamtesa Joshua kiasi cha kumwomba Mungu msamaha kwa kuwa na mke wa namna hiyo. Akiona kosa hasiti kumpiga mkewe, akiamini kuwa anatekeleza haki ya mbinguni. Binti yake Muthoni anapokwenda Kameno kutahiriwa, Joshua anatangaza kwamba binti huyo hayupo tena kwake. Muthoni anapofariki kutokana na jeraha, baba anaona malipo ya uasi.

Mhakiki akiishia hapo, ataridhika kwamba ukali umeletwa na misioni. Lakini tumtazame Kabonyi. Huyu aliwahi kuwa mfuasi wa Joshua, akajitenga naye, na mwishowe anakuwa nguvu kubwa ndani ya Kiama, baraza linaloapa kulinda usafi wa kabila. Kiama nacho kina kiapo, kina waumini na waasi, kina macho yanayochungulia nani anakutana na nani. Waiyaki, mwalimu mpenda umoja, anahukumiwa kwa sababu anampenda Nyambura, binti asiyetahiriwa. Katika ukurasa wa mwisho wapenzi hao wawili wanatiwa mikononi mwa Kiama. Kwa hiyo kinachomwangamiza shujaa si ukali wa Joshua, bali ukali wa wanaompinga Joshua.

Kabonyi hakuuacha Upuritani alipoliacha kanisa. Aliubeba akaupeleka upande wa pili wa mto. Muundo ni ule ule: jamii ya wateule, mpaka kati ya walio safi na walio najisi, na adhabu kwa anayeuvuka. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba jambo hilo lote Kabonyi alilitoa misioni. Wagikuyu walikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi unaompata mtu aliyevunja mwiko na unaohitaji kuondolewa kwa ibada. Sheria kali ya usafi haikuwa ngeni vilimani. Kilichokuwa kigeni ni wazo kwamba najisi hana ibada ya kumrudisha nyumbani. Chini ya thahu, mtu husafishwa akarejea. Chini ya Joshua, Muthoni amefutwa. Hapa ndipo tofauti halisi ilipo, na Kiama cha Kabonyi, kinapowahukumu Waiyaki na Nyambura bila kuwatafutia njia ya kurejea, kinakuwa kimejifunza kutoka kwa adui wake.

Neno moja, hukumu tatu

Katika suala hili Kiswahili kina la kusema. Neno tohara limetoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni usafi wa kidini. Ndugu yake twahara bado humaanisha hali ya kuwa safi kwa ajili ya ibada. Basi kwa Kiswahili, msichana aendaye kutahiriwa anakwenda, kwa maana ya asili ya neno, kusafishwa. Joshua anaipinga tohara kwa jina la utakaso. Mswahili anayesikiliza anaona maneno mawili ya usafi yakigombana, na mgogoro wote wa riwaya umo ndani ya ugomvi huo. Msomaji wa Kiingereza hapati faida hiyo, kwani neno la Kiingereza, lililotoka katika Kilatini, linamaanisha kukata kwa kuzunguka, wala halimkumbushi usafi wowote.

Lakini tohara si neno pekee. Lipo unyago, linalosisitiza mafunzo ya kumwingiza binti katika utu uzima. Lipo pia ukeketaji, ambalo limeenea katika miongo ya karibuni kupitia kampeni za afya na sheria, ikiwamo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayopiga marufuku kitendo hicho. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kwa kusugua. Neno lenyewe limekwisha kuhukumu kabla ya sentensi kumalizika. Anayemweleza Muthoni kwa Kiswahili analazimika kuchagua. Akisema unyago, amekuwa upande wa hamu ya binti, anayetaka kuwa mwanamke kamili kwa desturi ya watu wake na bado akabaki Mkristo. Akisema ukeketaji, amekuwa upande wa jeraha lililomuua. Akisema tohara, ameacha maneno mawili ya usafi yaendelee kupigana.

Kifo cha Muthoni hakifutiki kwa uchaguzi wa neno, na mhakiki hana ruhusa ya kukipunguza kuwa ishara tu. Hata hivyo, riwaya inasema kwa uwazi kwamba Muthoni hakuwa mwasi wa imani. Anakufa akiamini kwamba Yesu yu pamoja naye. Yeye peke yake, kati ya wahusika wote, ndiye aliyejaribu kuunganisha tohara na utakaso katika mwili mmoja, na gharama ya jaribio hilo ameilipa yeye, si wahubiri wala wazee wa baraza.

Nyumba ya bati isiyo na watu

Tumefikia udhaifu uliotajwa mwanzoni. Ngũgĩ anatuonyesha nyumba ya Joshua kwa nje: ni ya pembe nne, imeezekwa kwa bati, imesimama peke yake kati ya nyumba za mviringo za kilima. Ni picha nzuri ya mtu aliyejitenga. Lakini tukiingia ndani, tunakuta hotuba. Hatujui Joshua anakula nini, analima nini, anamwambiaje jirani asiyeamini anapokuja kuazima jembe. Hatumwoni akiwa amechoka. Matokeo yake ni kwamba Joshua anakuwa sauti kubwa yenye kanzu, na ni rahisi kumchukia.

Wapuritani wa kweli hawakuwa hivyo, na maandishi yao yanathibitisha. Anne Bradstreet, mke na mama katika Massachusetts, aliandika mashairi juu ya nyumba yake iliyoungua mwaka 1666. Anavikumbuka vitu vyake vya nyumbani na mahali vilipokuwa, kisha anajikemea kwa kuvipenda kuliko mbingu. Imani kali na mapenzi ya vyombo vya nyumbani yamekaa katika shairi moja. Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa Salem, aliandika shajara kwa zaidi ya miaka hamsini. Humo zimo sala, vifo vya watoto, chakula na hali ya hewa. Mwaka 1697 mtu huyo alisimama kanisani mbele ya wote wakati ungamo lake juu ya hukumu za Salem likisomwa. Joshua hajapewa na mtunzi wake nafasi ya kusimama namna hiyo.

Jambo dogo la kileo linaonyesha jinsi maisha ya kila siku yanavyosahihisha picha tulizozoea. Wengi hudhani kwamba Mpuritani ni mtu asiyeonja pombe. Kinyume chake, walowezi wa Massachusetts walikunywa bia na kileo cha matofaa kama kinywaji cha kawaida. Kilichokuwa dhambi ni ulevi. Katazo kamili lilipata nguvu katika karne ya 19, kwa harakati za kupinga ulevi za Marekani na Ulaya ya Kaskazini, na kutoka huko likapita katika makanisa ya uamsho hadi kwa wamisionari waliokuja kwetu.

Pale Ngũgĩ anapoiacha hotuba, riwaya inabadilika. Miriamu ameipokea dini ya mumewe na kuitii, lakini mtunzi anatuonyesha kwa macho yake tu kwamba ndani mwake mwanamke wa Kigikuyu hajafa. Mabinti wawili wako mto Honia, ambao jina lake lina maana ya kuponya. Wamekwenda kuteka maji. Hapo, katikati ya kazi ya kila siku, Muthoni anamwambia dada yake siri yake: baba na mama wametahiriwa, je, wao si Wakristo? Hoja nzito kuliko zote katika riwaya haikutolewa mimbarani wala barazani. Imetolewa na binti aliyekwenda kuteka maji.

Kutoka Honia hadi Luhwindja

Msomaji wa Luhwindja ana sababu ya pekee ya kudai maisha hayo ya kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wapentekoste wa Norway walifungua kituo Kaziba, eneo jirani linalojulikana kwa wahunzi wake, huku misioni za Mapadre Weupe zikiwa zimekwisha kuingia Bushi tangu mwanzo wa karne. Makundi haya mawili hayakukubaliana kwa mengi, lakini kila moja lilikuwa na ukali wake. Mapadre walifuata kanuni ya Kardinali Lavigerie ya miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, na waliwataka waongofu kuacha mitala na ibada ya Lyangombe. Wapentekoste walidai wokovu unaoonekana: kuacha pombe, tumbaku na hirizi. Baadaye kidogo, katika miaka ya 1930, uamsho wa Walokole ulitokea Gahini nchini Rwanda, na kusambaa Afrika ya Mashariki kwa maungamo ya hadharani na urejeshaji wa vitu vilivyoibwa. Desturi hiyo ya kusimulia wokovu mbele ya wenzako iko karibu ajabu na ile ya Massachusetts.

Tuichukue pombe ya ndizi, kasiksi, kama mfano. Katika Bushi, pombe si kinywaji tu. Huambatana na posa, na ng'ombe wa mahari, na matanga, na upatanisho wa waliogombana. Anayekataa kasiksi hajakataa kulewa peke yake. Amelazimika kutafuta namna mpya ya kumheshimu baba mkwe. Je, atamtuma ndugu yake apokee kibuyu kwa niaba yake? Atapeleka maji ya ndizi yasiyochacha? Atakaa kimya na kuonekana mwenye kiburi? Katika maamuzi madogo ya namna hiyo ndimo imani ya Wakristo wa kwanza ilipokuwa ya kweli au ya maneno matupu. Hapo pia ndipo waliposaidiana, waliposengenyana, na walipotafuta njia za kati ambazo hazikuandikwa katika vitabu vya wamisionari.

Wapo waliojaribu kuliwaza jambo hili kwa kina. Padre Vincent Mulago, mzaliwa wa Bushi, alikuwa miongoni mwa mapadre Waafrika walioandika kitabu cha pamoja kilichotoka Paris mwaka 1956 kikihoji namna Ukristo ulivyoletwa. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa riwaya ya Ngũgĩ, alitoa utafiti wake juu ya Bashi, Wanyarwanda na Warundi, akitafuta katika umoja wa uhai unaounganisha hai na wafu msingi wa Ukristo wenye sura ya Kiafrika. Mulago mwanateolojia na Muthoni mhusika wa kubuni wanauliza jambo moja. Tofauti ni kwamba Mulago alipata nafasi ya kulijibu kwa utulivu wa kitaalamu, naye Muthoni alilijibu kwa mwili wake akiwa msichana mdogo.

Hitimisho

Njia Panda ni riwaya ya kijana aliyekuwa anaihukumu nyumba iliyomlea, na hukumu yake ni ya haki kwa sehemu kubwa. Imeona mapema kwamba ukali wa kanisa na ukali wa kabila vinaweza kuzaana. Imempa Muthoni heshima ambayo wanaume wa pande zote mbili walimnyima. Upungufu wake ni kumwacha Joshua bila siku ya Jumatatu. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huandika katika insha zao kwamba Joshua ni kibaraka, kisha huweka nukta, kana kwamba swali limekwisha.

Halijakwisha, hasa kwa wanafunzi ambao bibi na babu zao walibatizwa katika misioni hizo hizo. Wazee hao hawakuwa akina Joshua wala akina Kabonyi. Wengi wao walikuwa kama Miriamu: walitii kwa nje, wakahifadhi kwa ndani, na kwa kufanya hivyo walijenga desturi ambazo leo zinaitwa za Kikristo na za Kishi kwa wakati mmoja. Walokwisha kufariki wameondoka na sehemu kubwa ya ushahidi, lakini wengine bado wanaweza kuulizwa: walipeleka nini ukweni badala ya kasiksi, nani alikwenda kuomba ng'ombe, nini kilisemwa nyumbani siku binti alipokataa kwenda ibadani. Idara za Kiswahili za Bukavu na kwingineko zingefanya vema kuwapa wanafunzi wao kazi ya kuandika majibu hayo kwa Kiswahili, yakiwa bado yanapatikana. Mwandishi atakayekuja kuisimulia Kaziba au Luhwindja ya miaka ile atayahitaji, ili mhubiri wake apate pia jembe la kulima na jirani wa kumwazima.